Lupita Nyong'o, Mtoto wa Jukwaa



Alfajiri ya tarehe 3 Machi 2014, kwa saa za Afrika Mashariki, Lupita Nyong'o aliitwa jukwaani mjini Los Angeles akakabidhiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Hakuna mwigizaji wa Kenya aliyewahi kuipata kabla yake. Tangu siku hiyo tumekuwa tukimsimulia kwa usiku ule mmoja: gauni la samawati, machozi, makofi, na binti wa kwetu aliyeng'ara ghafla baada ya filamu moja. Vijana wengi wanaokuja kwangu kutaka kuwa waigizaji wameyapokea masimulizi hayo kama yalivyo. Wanaamini ipo kamera mahali fulani inayowasubiri, na kwamba siku itakapowaona mambo yatakuwa yamekwisha.

Jioni ya leo nataka kuyapinga masimulizi hayo. Kabla ya kamera kumjua, Lupita alikuwa amelelewa na jukwaa, na baada ya kamera kumtukuza alirudi jukwaani kwa hiari yake, akijua kuwa huko hakuna fedha za Hollywood. Tukimwangalia kwa jicho hilo, maisha yake yanakuwa na faida kubwa zaidi kwetu kuliko tuzo aliyoipata.

Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha El Colegio de México, mbali na Kenya ambako wasomi waliothubutu kuikosoa serikali ya Rais Moi walikuwa hawalali usingizi. Jina Lupita, ambalo ni kifupi cha Guadalupe, lilitoka katika nchi hiyo iliyowapa hifadhi. Na ieleweke kwamba miaka hiyo hata jukwaa lilikuwa linaogopwa. Mwishoni mwa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini baada ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza kwa Kikikuyu tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi ambao wanakijiji hao waliujenga kwa mikono yao ulibomolewa. Familia ya Nyong'o ilirejea Kenya mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Baba aliendelea na siasa, akawa waziri, seneta, na tangu 2017 gavana wa Kisumu. Mama yake, Dorothy, anajulikana kwa kazi yake ya kupambana na saratani. Lupita ni wa pili kati ya watoto sita, na katika nyumba hiyo ndugu walipokutana watoto walitakiwa kutoa onyesho, na familia ilikuwa na desturi ya kwenda kutazama michezo ya kuigiza.

Akiwa na miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, akiigiza na kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi. Waliowahi kuingia ukumbi wa Phoenix pale Parliament Road wanakumbuka udogo wake: ukikaa safu ya mbele unaliona jasho la mwigizaji, naye anakusikia ukikohoa. Katika ukumbi wa namna hiyo huwezi kudanganya. Ukisahau maneno hakuna wa kukata picha, na mwenzako akikosea ni wewe utakayemwokoa mbele ya watu waliolipa kiingilio. Msichana wa shule aliyeyapitia hayo akiwa na miaka 14 alikuwa amekwisha kufundishwa jambo ambalo mitandao haifundishi.

Hata hivyo hakukimbilia uigizaji. Akiwa na miaka 16 wazazi walimrudisha Mexico kwa miezi kadhaa ajifunze Kihispania. Baadaye alikwenda Marekani, Hampshire College katika jimbo la Massachusetts, akasomea filamu na tamthilia. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, Lupita alipata kibarua nyuma ya kamera, miongoni mwa vijana wanaotumwa huku na kule. Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, alimuuliza anataka kufanya nini maishani. Kijana akajibu, kwa woga, kwamba anataka kuigiza. Lupita amesimulia mara nyingi jibu alilopewa: aifanye kazi hiyo iwapo tu anaona hawezi kuishi bila kuifanya. Ni jibu kali, na nadhani ni la haki. Nawashauri wanafunzi wangu wajiulize hivyo kabla ya kulipa ada.

Yeye alichukua miaka kadhaa kulijibu swali hilo. Aliongoza filamu ya hali halisi, In My Genes, iliyotoka 2009, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huohuo alionekana katika Shuga, ile tamthilia ya televisheni iliyopigwa Nairobi kuwafundisha vijana kuhusu Ukimwi. Alikuwa na umri wa miaka 26, ana shahada, ana filamu aliyoiongoza, na sura yake inajulikana mtaani. Wengi wangesema amefika. Yeye akaomba nafasi katika shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale, akaanza upya miaka mitatu ya kufundishwa kupumua, kutembea, kutamka na kunyamaza. Alicheza Chekhov, akacheza Shakespeare, akahitimu 2012.

Hapo Yale kuna jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo ufunguo wa habari yote. Mwaka 2009, Lupita akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ukumbi wa Yale Repertory ulikuwa ukiandaa Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira. Akawekwa kuwa mwigizaji wa akiba. Kwa wasiojua kazi hiyo: mwigizaji wa akiba anakariri maneno yote ya mhusika, anazishika nyendo zote, anahudhuria, anakaa tayari, na mwenye nafasi asipougua hapandi jukwaani hata siku moja. Hapigiwi makofi. Picha yake haibandikwi ukutani. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiikataa kazi hiyo kwa kuona ni kudhalilishwa. Binti huyu aliikubali, na mhusika aliyejifunza gizani alikaa naye miaka sita.

Nitarudi kwa mhusika huyo. Kwanza tumtazame Patsey.

Mwongozaji Steve McQueen alikuwa akitafuta mwigizaji wa kuicheza nafasi ya mtumwa Patsey katika 12 Years a Slave. Filamu hiyo inatokana na kitabu cha Solomon Northup cha 1853, mtu mweusi huru wa kaskazini aliyetekwa akauzwa utumwani Louisiana. Lupita alifanya usaili akiwa bado hajahitimu, na shule ilipokwisha akaenda moja kwa moja kwenye mashamba ya pamba. Northup ameandika kwamba Patsey alikuwa mwepesi wa mikono kuliko wote shambani, na kwamba kuchuma pauni 500 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 220, halikuwa jambo la ajabu kwake. Bwana wake alimsifu kwa kuchuma na kumwingilia kwa nguvu usiku. Bibi wa nyumba, kwa wivu, alimtesa mchana.

Kuna sehemu moja ningependa kila mwanafunzi wa uigizaji aitazame, japo moyo utakataa. Patsey ametoka shambani bila ruhusa siku ya mapumziko. Bwana wake, aliyechezwa na Michael Fassbender, amepandwa na wazimu wa wivu, anataka kujua alikuwa wapi. Patsey anafungua kiganja. Ndani yake mna kipande cha sabuni. Amekwenda shamba la jirani kuomba sabuni kwa sababu bibi wa nyumba anamnyima, na harufu ya mwili wake mwenyewe inamtapisha. Mtazameni Lupita anavyolisema jambo hilo. Halii kwa kuomba huruma. Sauti inapanda kwa hasira ya mtu aliyefanya kazi kuliko wote na bado ananyimwa kitu cha senti chache, kisha kwa nusu ya pumzi inarudi kuwa sauti ya mtumwa anayejua kinachofuata. Kinachofuata ni mijeledi, na McQueen aliipiga sehemu hiyo kwa picha moja ndefu isiyokatwa. Kamera inazunguka. Hakuna pa kupumzika, hakuna kusema turudie kuanzia hapa. Hapo ndipo ukumbi mdogo wa Nairobi na miaka mitatu ya Yale vinapoonekana. Mtu aliyezoea kuigiza vipande vya sekunde kumi asingeweza kuvuka mpaka mwisho akiwa mzima ndani ya mhusika.

Alipoipokea Oscar alimkumbuka Patsey, akasema kwamba furaha yake kubwa imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine. Siku chache kabla ya hapo, mbele ya wanawake weusi wa Hollywood waliokutanishwa na jarida la Essence, alikuwa ameeleza jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni amke asubuhi akiwa mweupe, hadi alipomwona mwanamitindo wa Sudan Kusini, Alek Wek, akisifiwa kwa weusi wake. Alitoa hotuba hiyo baada ya msichana mmoja kumwandikia kwamba alikuwa karibu kununua mafuta ya kujichubua, akaacha baada ya kumwona yeye. Katika miji yetu, ambako mikorogo inauzwa kila kona ya soko, hotuba ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko filamu yenyewe. Miaka mitano baadaye aliwaandikia watoto kitabu, Sulwe, juu ya msichana mwenye ngozi nyeusi kuliko ya nyumbani kwao wote.

Mwaka uleule wa tuzo, 2014, madaktari walimwambia kuwa ana uvimbe kwenye mji wa mimba, ule tunaouita fibroidi. Alinyamaza nao kwa zaidi ya miaka kumi. Alipousema hadharani mwaka 2025 alisema kwa ajili ya wanawake wengine, akataka utafiti ufanywe na wasichana waelezwe mapema. Nalitaja kwa sababu tunapenda kuwatazama waigizaji wakiwa kwenye zulia jekundu, tukasahau kwamba wanapanda jukwaani na miili kama ya kwetu.

Sasa baada ya tuzo. Lupita ameeleza kwamba baada ya Oscar nafasi nyingi alizoletewa zilikuwa za watumwa tena. Safari hii angekuwa nyota wa filamu ya utumwa, pengine ndani ya meli ya watumwa. Hebu fikirini. Mtu ameonyesha anaweza kubeba uchungu wa binadamu kwa kina kile, na wenye fedha wakaona wanachoweza kumfanyia ni kumrudisha kwenye minyororo. Huo ni ufinyu wa macho, na sioni neno la upole la kuuelezea. Akazikataa. Katika filamu za Star Wars alikubali kumcheza Maz Kanata, kiumbe aliyetengenezwa kwa kompyuta ambaye ndani yake sura ya Lupita haionekani kabisa. Kisha akaulizwa na ukumbi wa Public Theater wa New York angependa kufanya nini.

Alijibu Eclipsed.

Tamthilia hiyo inatupeleka Liberia mwaka 2003, katika kambi ya waasi. Wanawake waliotekwa wanaishi kibandani wakiwa wake wa kamanda, na wanaitana kwa namba: Namba Moja, Namba Tatu. Mchezo unapoanza wamemficha msichana wa miaka 15 chini ya beseni kubwa ili kamanda asimwone. Msichana huyo, ambaye hatajwi jina, ndiye Lupita aliyemjifunza akiwa mwigizaji wa akiba. Mbinu ya beseni haidumu. Msichana anachukuliwa, naye anakuwa Namba Nne. Yeye ndiye anayejua kusoma, kwa hiyo anawasomea wenzake kitabu kilichochanika juu ya maisha ya Bill Clinton, na wanawake hao waliopoteza kila kitu wanajadili ndoa ya rais wa Marekani kama wanavyojadili wanawake mambo ya jirani. Ukumbi unacheka. Halafu Namba Mbili anarudi kutoka vitani akiwa na bunduki na suruali ya jinzi, na msichana anaona kwamba mwenye bunduki habakwi. Anaichukua. Bei ya bunduki hiyo ni kuwakamata wasichana wengine.

Eclipsed ilianza Public Theater mwaka 2015, ikahamia John Golden Theatre, Broadway, ikafunguliwa Machi 2016 na kufungwa Juni. Waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, mwandishi ni mwanamke mweusi aliyelelewa Zimbabwe, mwongozaji Liesl Tommy ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Broadway haikuwahi kuwa na tamthilia ya namna hiyo. Lupita aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Hakuishinda, na haidhuru kitu. Kinachonigusa ni kwamba maonyesho Broadway ni manane kwa wiki. Mara nane kila wiki mshindi wa Oscar aliingia chini ya beseni, katika ukumbi wa viti karibu 800, kumcheza mtoto wa Kiafrika ambaye magazeti ya ulimwengu yalikuwa yamemwandika kama takwimu. Kuna waliomshangaa huko Marekani. Sisi huku, ambao vita vya Liberia, Kongo, Burundi na kaskazini mwa Uganda si hadithi kwetu, hatukulitilia maanani kama tulivyolitilia maanani gauni.

Kuhusu filamu zilizofuata nitapita haraka, maana mnazijua. Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, ndiyo naipenda kuliko zote: Lupita ni Nakku Harriet, mama mjane wa Kampala anayelea watoto kwa kuuza mahindi, na mwanawe Phiona Mutesi anakuwa bingwa wa mchezo wa sataranji. Black Panther ya 2018 ilimkutanisha tena na Danai Gurira, safari hii mwandishi akiwa mwigizaji mwenzake. Na katika Us ya Jordan Peele, 2019, alicheza wahusika wawili wanaofanana sura na kuwindana. Mmoja wao anaongea kwa sauti iliyokabwa, inayokwama kooni na kutoka kwa shida, sauti aliyoijenga kwa kuchunguza hali ya watu wenye ugonjwa wa kukakamaa kwa nyuzi za sauti. Baadhi ya wagonjwa na watetezi wao walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho, naye akaomba radhi. Kwa kazi hiyo alistahili hata kuteuliwa kuwania Oscar nyingine, na hakuteuliwa. Filamu za kutisha ni nadra kupewa heshima kwenye tuzo hizo.

Nije kwenye Agosti 2025. Katikati ya New York, ndani ya bustani ya Central Park, kuna ukumbi wa wazi uitwao Delacorte, uliofunguliwa 1962. Watu wapatao 1,800 hukaa chini ya anga kutazama Shakespeare bila kulipa kiingilio. Ulikuwa umefungwa kwa ukarabati mkubwa, na mchezo uliochaguliwa kuufungua tena ulikuwa Twelfth Night. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, Mkenya, aliyefahamiana na Lupita tangu ujana wao Nairobi. Miaka minne nyuma walikuwa wametoa pamoja Romeo and Juliet ya kusikilizwa, nusu Kihispania nusu Kiingereza, na Juliet wa Phoenix akawa Julieta. Sasa Lupita alikuwa Viola, binti aliyenusurika meli ilipozama, akatupwa nchi ya kigeni akiamini pacha wake amekufa maji. Pacha huyo, Sebastian, alichezwa na mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o.

Na katika mchezo huo Viola na Sebastian ni wahamiaji kutoka kwetu. Katika baadhi ya sehemu wanaongea Kiswahili. Hawakuweka mkalimani. Viola anapoongea lugha yake, mtazamaji wa New York analazimika kuelewa kwa uso, kwa mkono, kwa mtetemo wa sauti, kama anavyolazimika mhamiaji kila siku katika mji huo. Mwalimu Nyerere alimpa Shakespeare Kiswahili kwa tafsiri za Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, watu wa huku wamsome na kumwigiza. Mwaka 2025 watoto wawili wa familia moja ya Kenya walikichukua Kiswahili wakakiweka ndani ya Shakespeare huko Marekani, mbele ya watu waliokesha foleni kutafuta tiketi. Katika yote aliyoyafanya Lupita, hili ndilo lililonifurahisha zaidi, na kama lingetokea kwenye filamu ya mamilioni ya dola tungeimba wiki nzima.

Nina neno kwa wanafunzi. Mkipewa kazi ya mwigizaji wa akiba, ichukueni. Jifunzeni maneno yote, hata ya wahusika wengine. Nendeni mazoezini siku ambayo hamjaitwa.

Ombi langu kubwa zaidi ni kwa wakubwa waliomo humu ukumbini. Phoenix haipo tena pale Parliament Road. Ilishindwa kodi ya pango ikafungiwa milango. Shule zetu bado zinapeleka watoto wenye vipaji vikubwa kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama kila mwaka, Bagamoyo bado kuna chuo cha sanaa na tamasha lake, na Kampala bado kuna ukumbi wa taifa. Lakini mtoto akimaliza tamasha la shule Aprili, Mei anakwenda kuigiza wapi? Katika miji mingi jibu ni baa, au harusi, au hakuna. Siwaombi majumba ya marumaru. Naomba kila kaunti na kila halmashauri itenge chumba kimoja chenye viti mia, taa zinazowaka na mlango unaofungwa, kwa bei ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuilipa kutokana na kiingilio, na kiwe wazi Jumamosi na Jumapili mwaka mzima. Bajeti hujadiliwa kila mwaka. Naomba chumba hicho kiandikwe humo.